Majani Chai Hayaliwi

Mgeni anayetoka mjini Kericho kuelekea Sosiot na Kabianga hukaa dirishani akishangaa. Chai mpaka upeo wa macho: mashamba mapana ya kampuni yaliyonyolewa juu sawasawa, kisha vishamba vya wananchi vinavyopanda na kushuka vilima, chai mpaka ukingo wa barabara, chai mpaka mlangoni pa nyumba. Mvua huku haina uchoyo. Ukimwambia mgeni huyo kwamba hapa kuna watoto wasiokula vizuri, atadhani unamtania. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba zaidi ya thuluthi moja ya watoto walio chini ya miaka mitano katika kaunti jirani ya Bomet walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa Kenya nzima ulikuwa asilimia 26. Mtoto hadumai kwa kulala njaa siku moja. Hudumaa kwa kulishwa kitu kilekile kisichotosha, mwezi baada ya mwezi, tangu akiwa tumboni, hadi kimo chake kinabaki nyuma ya umri wake.

Mama yangu hakusubiri takwimu. "Majani chai hayaliwi," alikuwa akisema, na mara nyingi alisema kwa hasira, kila baba au mmoja wa baba zetu wadogo alipotaka kupanua chai hadi penye viazi. Akirudi kutoka kituo cha kuuzia majani, kikapu kitupu mgongoni, alipitia kwanza bustani ya mboga ndipo aingie nyumbani. Ninayoyaandika hapa nimeyatoa jikoni kwake. Mengine nimeyalinganisha na yale ambayo madaktari na watafiti wameyasema baadaye, na mawili matatu nimeyakataa.

Chai sina ugomvi nayo. Kampuni za Wazungu zilianza kuipanda Kericho kwa wingi miaka ya 1920, na kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kuwa nayo kwenye shamba lake. Kazi yake ilikuwa kuchuma ya wenyewe. Mkulima mdogo alifunguliwa mlango miaka ya 1950, na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, ilipoundwa mwaka 1964 ndipo mche wa chai ulipoingia katika kila boma. Umesomesha watu, umeezeka nyumba mabati, umelipa hospitali. Shida ni kwamba chai ni zao lenye wivu. Ukishaipanda hukai nayo msimu mmoja ukang'oa. Itakuzika na wajukuu wako wataikuta. Kwa hiyo kila kipande unachokipa chai umekiondoa jikoni kwa maisha yako yote. Kizazi cha bibi zetu kilikula wimbi, mtama, maziwa, na mboga zilizoota zenyewe pembeni ya zizi. Kizazi chetu kimekuwa na fedha mara moja kwa mwezi na sukuma wiki ya kununua.

Basi shauri la kwanza ndilo hilo: pima ardhi ya sufuria kabla ya kupima ardhi ya chai, na ukishaipima usiiguse. Kwa Mama ilikuwa sehemu iliyo kati ya jikoni na zizi la ng'ombe. Hakuichagua kwa sababu ya uzuri wake, maana kulikuwa na mteremko na mawe. Aliichagua kwa sababu samadi haikuhitaji kubebwa mbali, maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa hapo hapo, na mtu aliyesahau mboga aliweza kutoka na taa akachuma. Bustani iliyo ng'ambo ya mto ni shamba, na shamba lina ratiba yake. Mvua ikinyesha jioni hakuna atakayelifikia. Siku hizi wengi wetu tumerithi robo ekari, na vijana husema haitoshi kugawanywa. Ninawajibu kwamba vipande vinne vya upana wa kitanda, vikitunzwa, vinalisha mboga nyumba ya watu sita. Mistari miwili mitatu ya chai iliyo karibu na nyumba haitakutajirisha ikibaki wala kukufilisi ikiondoka. Hesabu mwenyewe: kiwandani zinahitajika takriban kilo tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, na wewe unalipwa kwa yale mabichi.

Cha kupanda? Hapa Mama alikuwa na akili ambayo sikuithamini hadi nilipoona mvua ya mawe kwa macho ya mtu mzima. Vilima vya Kericho na Nandi vinajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Inakuja alasiri, inapiga kwa dakika kumi, na ikiondoka chai imechanika, sukuma wiki imebaki mifupa, na karani wa kituo hana majani ya kupima kwa wiki kadhaa. Yaani fedha na mboga vinaondoka siku moja. Ndiyo maana yeye hakukubali bustani iliyo juu ya udongo tu. Palikuwa na viazi vitamu, palikuwa na nduma kwenye majimaji karibu na kijito. Kilicho chini ya ardhi mawe hayakifikii. Ukipata miche ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, chukua hiyo, kwa kuwa rangi ile mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kinga ya mtoto. Vile vyeupe vitamu vya zamani bakiza mstari mmoja kwa ajili ya wazee, maana hawatakuachia amani.

Mboga za majani alizozipenda zilikuwa sagaa, managu na mrenda. Sagaa ndiyo iliyoonyesha nani ana mkono na nani hana. Mbegu zake ni ndogo, kwa hiyo alizichanganya na majivu kidogo ili zisimwagike rundo, akazipanda kwenye mstari mwembamba wenye samadi iliyooza, akafunika kwa udongo kidogo sana. Baada ya kama mwezi ulianza kuvuna. Wengi huing'oa na mizizi yake, wakafunga fungu, basi. Yeye alikata ncha kwa kucha, na ua lilipochomoza alilikata pia, kwa sababu sagaa ikishachanua huacha kutoa majani na kupeleka nguvu zote kwenye mbegu. Hivyo mstari mmoja ulitulisha wiki nyingi. Kabla haujachoka mwingine ulikuwa umeshaota. Mimea michache yenye afya aliiacha ichanue na kukauka, na vikonyo vyake alivifunga kwenye kitambaa juu ya meko, penye moshi, ili wadudu wasiviguse. Sijawahi kumwona akinunua mbegu ya mboga.

Na upishi wake. Majani yaliondolewa vijiti kimoja kimoja, yakaoshwa mara mbili yakiwa mazima, maana mboga iliyokatwa kwanza ikaoshwa baadaye huacha ubora wake ndani ya karai. Maji kwenye sufuria yalikuwa kidogo, ya kufunika chini tu. Majani yakaingia, kifuniko kikawekwa, moto ukapunguzwa kwa kuvuta kuni moja nje. Yalipolainika hakuyamwaga maji. Alimimina maziwa, na kama kulikuwa na malai yaliyoenguliwa asubuhi aliyaweka hayo, akaacha vichemke polepole vikipungua mpaka rangi ikageuka kuwa ya kijani kilichokolea na mafuta yakaanza kuonekana pembeni. Kisha, na hapa ndipo wageni walipokosa subira, alifunika akaweka kando hadi kesho yake. Sagaa ya siku ya kwanza ina uchungu unaobaki kooni. Ile iliyolala na maziwa ukaipasha, uchungu umekuwa ladha.

Wataalamu wa lishe wana sababu za kuupenda upishi huo. Vitamini A iliyomo kwenye majani hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta, na mafuta ya maziwa yanatosha. Kumwaga maji ya kwanza ili kutoa uchungu, kama baadhi wafanyavyo, ni kumwaga vitamini na madini kwenye mtaro. Kwa upande mwingine, vitamini C haistahimili kuchemka muda mrefu, kwa hiyo mboga iliyolala itakupa chuma na kalisi, si vitamini C. Hiyo itafute kwenye pera, chungwa au tunda la pasheni, uile pamoja na mboga, kwa sababu inausaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye majani. Nchi hii ina mapera yanayooza chini ya miti huku mama mjamzito akiandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Vidonge ameze, na mapera pia ale.

Sasa chai yenyewe, ile ya kikombe. Hapa simfuati Mama. Nyumbani kwetu chai ya maziwa ilikuwepo wakati wa viazi, wakati wa ugali, wakati wa mgeni na wakati wa kilio, na mtoto aliyeachishwa ziwa alipewa chai kama ishara kwamba amekuwa mtu. Ilikuwa upendo, sikatai. Lakini chai ina tanini, na tanini hushikana na madini ya chuma yaliyo kwenye mboga, maharagwe na wimbi, yakapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Ukinywa chai juu ya sahani ya managu umejipokonya mwenyewe. Iweke mbali na mlo, angalau saa moja kabla au baada. Kwa mtoto mdogo kuna hasara ya pili: tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, na kikombe cha chai chenye sukari kinalijaza bila kumjenga. Maziwa aliyotiliwa kwenye chai hiyo, mpe bila majani. Hadi miezi sita anyonye tu. Baada ya hapo uji, maziwa, viazi vilivyopondwa, yai. Chai ataikuta akikua; haiendi popote, tumeipanda wenyewe.

Jambo lingine ni joto. Sisi hujivunia kunywa chai ikiwa inafuka, na mtu anayesubiri ipoe huambiwa ni wa mjini. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, imekuwa kwa miaka mingi ikipokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na miongoni mwao wamo vijana ambao kwingineko duniani ugonjwa huu huwapata kwa nadra. Chanzo hakijafungwa kwenye kitu kimoja. Tumbaku na pombe vimo katika orodha. Lakini mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Chai inayotoka moja kwa moja kwenye chupa nzuri ya chai huwa juu ya hapo. Huhitaji kipimo. Imimine, zungumza na wenzako dakika tano, kisha piga funda. Kama bado unalazimika kulivuta pamoja na hewa na mlio, haijafika. Kuwaambia wazee jambo hili kunahitaji adabu. Mimi huwamiminia mapema kabla hawajaketi, nao wanaikuta tayari.

Kwa kuwa nimegusa koo, siwezi kuuruka mursik. Kuusema vibaya mursik katika nchi ya Wakipsigis ni kutafuta kufukuzwa kwenye kokwet, baraza la kijiji. Wanariadha wetu wakitua Nairobi na medali, kibuyu ndicho kinachowapokea. Mama aliutengeneza kwa utaratibu usiobadilika: kibuyu, yaani sotet, kiliogeshwa na kusuguliwa ndani kwa sosiot, ule ufagio mrefu wa ukuti, kikaanikwa mdomo chini hadi kikauke kabisa. Kijiti cha senetwet kilichomwa, kaa likatumbukizwa ndani likiwa bado jekundu, likapondwapondwa kwenye kuta za kibuyu mpaka pote pakawa peusi, na vumbi lililozidi likakung'utwa nje. Maziwa yalichemshwa kwanza, yakapoa kabisa, ndipo yakamiminwa. Kisha kibuyu kilifungwa kikawekwa penye baridi kwa siku kadhaa.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mursik kutoka magharibi ya Kenya, wakakuta kilevi kidogo na asetaldehidi, kemikali ambayo nayo inahusishwa na saratani ya umio, wakasema huenda ikawa moja ya sababu. Huenda si hakika, na siwezi kukwambia uvunje vibuyu. Ila kuna tofauti ya mursik na mursik. Uliokaa kwenye kibuyu kisichokauka vizuri, ukaongezewa maziwa mapya juu ya masalia ya zamani, umeshakuwa pombe na wadudu usiowajua. Fuata utaratibu wa Mama bila kuruka hatua, unywe ukiwa wa siku chache, kikombe cha kiasi. Hatua ya kuchemsha usiiache hata ukiambiwa kwamba mababu walikunywa mabichi. Homa ya maziwa inayoitwa brusela hutoka kwa ng'ombe hadi kwa mtu kwa njia hiyo, na huumiza viungo miezi mingi huku wagonjwa wakitibiwa malaria.

Nije kwenye gunia la nafaka. Mwezi Septemba 2011, huko Longisa katika nyanda za chini za Bomet, wakulima waliona mahindi yao yakigeuka manjano kuanzia kwenye jani changa, kisha yakakauka yakiwa yamesimama, na magunzi yakawa matupu. Ulikuwa ugonjwa ambao Kenya haikuwahi kuuona kabla ya hapo, unaosababishwa na virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja, na mwaka uliofuata ulikuwa umeenea mbali. Kule waliokuwa na mahindi peke yake walianza kununua unga mwezi uleule. Mama alikuwa na kipande cha wimbi ambacho majirani walikicheka kwa sababu wimbi lina kazi: kupalilia kwa mkono, kufukuza ndege, kukata suke moja moja, kupura. Lakini wimbi likikauka vizuri hukaa miaka bila kutobolewa na fukusi, na hakuna nafaka nyingine ya huku inayolikaribia kwa kalisi. Kimyet, yaani ugali, cha wimbi na mahindi, nusu kwa nusu, hukaa tumboni mpaka jioni. Uji wake kwa mtoto hauhitaji zaidi ya maziwa. Ule unga wa dukani uliochanganywa soya, njugu, omena na nafaka tano sina imani nao, hasa njugu zikiwa za zamani. Njugu na mahindi yaliyopata ukungu hubeba sumu kuvu, na ikishasagwa pamoja na vingine huwezi kuiona.

Sumu hiyo si hadithi. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika Makueni, Kitui na maeneo jirani, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Na Kabianga, kwa unyevu huu wetu, kukausha nafaka ni kazi ya kugombana na mawingu. Anika mahindi kwenye turubai, si kwenye udongo, na uyaingize ndani kabla ya mvua ya alasiri. Mahindi yanatakiwa yabaki na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kupima kwa meno, kama tulivyozoea, hakuaminiki. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kidogo na mahindi hadi thuluthi ya chupa, tikisa, uiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta, rudisha mahindi juani. Yakishakauka, mifuko ile isiyopitisha hewa inazuia fukusi bila dawa, nayo hutumika tena msimu mwingine ikiwa panya hawajaitoboa.

Na gunia hununuliwa lini? Swali hili linahusu bonasi, na bonasi ndiyo iliyomfanya Mama awe mkali kuliko wakati wowote wa mwaka. KTDA hufunga hesabu mwisho wa Juni, na malipo ya pili, yaani hiyo bonasi, huingia kwa kawaida Oktoba. Sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa tumeshazoea kuona wenzetu wa Kirinyaga na Murang'a wakipata zaidi kwa kila kilo, na kila mwaka tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Hata hivyo Oktoba ile ile ndipo mahindi mapya ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yanapoanza kumiminika sokoni na bei kuteremka. Hakuna mwezi mzuri zaidi wa kuwa na fedha mkononi. Lakini ni mwezi huo huo ambapo wauza pikipiki, wauza viti vya sofa na wauza mvinyo wanapiga kambi kwenye vituo vya biashara. Mama alidai gunia kwanza. Nyumba inayosonga kilo mbili za unga kwa siku humaliza gunia la kilo 90 kwa siku 45, kwa hiyo mwaka unataka magunia manane. Toa unayovuna mwenyewe, nunua pengo lililobaki kabla ya Krismasi. Anayengoja Mei au Juni atayanunua kwa vibaba, kwa bei ya juu, na kwa daftari la deni la dukani. Deni hilo ndilo linalokula bonasi inayofuata kabla haijatoka kiwandani. Nimeona watu wenye vichaka elfu tatu vya chai wakiishi hivyo kwa miaka.

Ugomvi wa nani anashika fedha hizo haukwepeki. Katika maboma mengi ya huku mwanamke ndiye anayeamka kuchuma majani mawili na kichipukizi kwenye umande, yeye anabeba, yeye anapanga foleni kituoni, lakini nambari ya mkulima imeandikwa kwa jina la mume, na malipo huingia kwenye akaunti ya mume. Mume mwema huja nayo nyumbani. Lishe ya mtoto haifai kutegemea bahati ya kupata mume mwema. Wenye nyumba wanaoelewana wanaweza kusajili sehemu ya vichaka kwa jina la mke, akawa na nambari yake na akaunti yake, na kwenda kiwandani kuulizia utaratibu si uasi. Baba alikubali kufanya hivyo baada ya mabishano marefu, na sitasema alikubali kwa furaha. Mistari ile ya chini, iliyo karibu na kijito, ikawa ya Mama. Kutoka hapo mafuta ya kupikia, chumvi, sabuni na daftari za shule havikuombwa tena.

Wanaume wa kwetu walilelewa kuona jikoni ni mahali pa kupita mbali. Mama alikuwa na wavulana, na siku za kuchuma zilikuwa ndefu. Kwa hiyo kila mvulana alijifunza kusonga kimyet, kuchagua mboga, na kujua mtoto mdogo ameshakula au bado. Wazee waliguna. Leo Chuo Kikuu cha Kabianga kimekaa katikati yetu, kimejaa vijana waliotoka nyumba ambazo mvulana hakuruhusiwa kugusa mwiko, na ukipita kwenye vibanda vya nje ya lango utawaona wakinunua chapati na soda mchana na usiku, fedha za mwezi zikaisha tarehe kumi. Mfundishe mwanao kupika vyakula vitano kabla hajapata barua ya chuo. Vinatosha: ugali, mboga ya majani, maharagwe, mayai, uji.

Mayai, kwa njia, yasiuzwe yote. Kuna nyumba ninayoifahamu ambako kuku wa kienyeji hutaga vizuri, kila yai linapelekwa dukani, na kwa fedha hiyo hununuliwa mandazi ya chai ya asubuhi. Mtoto angekula yai lile.

Maziwa nayo yana hesabu kama hiyo. Tangu gari la kukusanya maziwa lianze kupita barabarani alfajiri, ng'ombe wamekuwa chai ya pili: kila lita ina karatasi yake na malipo yake mwisho wa mwezi, na ni rahisi kupeleka debe lote. Mama aligawa siku. Maziwa ya asubuhi yalikwenda kwenye gari. Ya jioni hayakutoka bomani, hata mnunuzi alipokuja na bei nzuri, hata ng'ombe alipopunguza. Kwa mwenye ng'ombe mmoja anayekamuliwa mara moja tu, pima kikombe cha kila mtoto kwanza, weka ya mboga ya sagaa, kisha funika debe ulipeleke barabarani kabla ya saa moja. Dereva hangoji.